Sumaku Iliyowekwa Uchagani

Jumatano, mwezi wa sita. Pito, Sumbawanga.

Leo upepo umeamka kabla yetu. Jua lipo, lakini ni la mapambo tu, halina kazi. Mwanangu Edina nimemvalisha sweta mbili na soksi za baba yake mpaka magotini, anatembea kama kifurushi. Mimi nimejifunga blanketi juu ya kitenge. Wageni wakifika huku juu mwezi huu wanatuuliza, jamani, mnaishije? Tunaishi jikoni. Kuanzia asubuhi mpaka kulala, tumezunguka mafiga.

Na jikoni huko huko ndiko kulikoniharibia.

Nina uchungu. Nimejaribu kuuita uchovu, nikauita baridi, haukubali. Tangu baba yake Edina aondoke sijaandika kitu hapa, kwa sababu nilijua nikianza nitasema vibaya. Leo mchana amepiga simu. Kwa hiyo leo nasema.

Kwa ambao hamnijui: mume wangu anaitwa Gaudensi, na anasoma sumaku. Ndiyo, sumaku. Nikijibu hivyo watu wananiangalia wakisubiri nimalizie sentensi. Alikuwa mwalimu wa fizikia, akapata nafasi ya kurudi chuo, Dar. Mimi niliishia kidato cha pili. Tunakaa hapa Pito kwa mama yake, mimi na mtoto, tukisubiri baba atulie. Mama mkwe wangu namuita Mama, na hapa nitamuita hivyo hivyo.

Mwezi uliopita alikuja. Alikuwa ametoka Afrika Kusini, chuo ambacho kina mashine ya kupulizia metali, akapanda mabasi ya Zambia mpaka Tunduma, badala ya kunyoosha Dar akakata kona kuja kwetu. Alikuja kutuchukua. Chumba alishapata. Na karibu na chumba, alisema, kuna darasa la jioni la watu wazima, nami ningeweza kumalizia kidato cha nne. Nilipolisikia hilo nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanua nguo, ili nicheke peke yangu.

Mkononi alikuwa na kiboksi cha bati. Alikilinda kuliko begi. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vya plastiki laini, upande mmoja vinang'aa kama kioo. Nikamuuliza, ndiyo hivi vilivyokupeleka mpaka Afrika Kusini? Akasema ndiyo hivi.

Jioni ile alinieleza. Nataka niliandike hili vizuri, maana ni jambo zuri na sitaki hasira inile mpaka hapo.

Alichukua blanketi la Edina, lile la miraba. Akasema, tuseme kila kona ya mraba ni chembe ya metali. Chembe hazikai hovyo, zinajipanga kwa mistari na nafasi, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Akanipa pindo moja, yeye akashika lingine, tukavuta. Miraba ikawa mirefu upande wetu, ikabana upande mwingine. Edina akapita chini akicheka. Gaudensi akasema: hapo sasa chembe zimekaa mkao ambao si wake, na mkazo huo unabaki ndani. Na sumaku nayo ina upande inaopenda kulala. Ukibadilisha mkazo, unabadilisha upande inaoupenda.

Kule kwenye mashine waliivuta plastiki kwanza, wakapuliza juu yake utando wa kobalti na chuma, mwembamba kuliko masizi kwenye chimni ya taa. Kisha wakaiachia plastiki. Plastiki ikarudi mahali pake, na utando ukalazimika kurudi nayo, umebanwa. Utando hauna la kusema. Umeshikana na kitu cha chini yake, kikienda, nao unaenda.

Nikauliza, kwa hiyo ukibana ubavu huu, sumaku inageukia ubavu ule?

Alipiga paja. "Umeona! Kidato cha sita nilifundisha hili mpaka chaki ikaisha, hakuna aliyeuliza hivyo!"

Nilifurahi. Sijui niseme nini zaidi. Tangu tuoane ndiyo mara ya kwanza aliniletea kitu cha huko kwake akakiweka mbele yangu kama chakula.

Kesho yake zikaja habari za msiba Namanyere, baba yake mdogo amefariki. Akaondoka haraka. Mlangoni akampa Mama kile kiboksi, akasema, "Mama, hiki kinataka pakavu. Unyevu ni adui yake. Na mtoto asikifikie." Mama akakipokea kwa mikono miwili.

Sasa ninyi mnaojua nyumba zetu. Msimu huu kuta zinalia asubuhi, nguo kabatini zinakuwa na ubichi, hata chumvi inatoa maji. Pakavu ni mahali pamoja tu: uchagani, pale kwenye fito juu ya moto. Ndipo inapokaa mbegu ya mahindi, ndipo yanapokaa maharage ya kupanda, moshi unafukuza wadudu na mtoto hafiki. Kila kitu cha maana cha nyumba hii kimewahi kukaa pale. Hata picha ya komunyo ya Gaudensi ilikaa pale mpaka ikawa na rangi ya chai.

Mimi nilikuwa shambani nang'oa maharage. Mama akapanda kigoda, akakisukuma kiboksi nyuma ya mahindi ya mbegu, akashuka ametulia moyo. Alifanya alichoambiwa. Nami nikawa nachochea moto siku zote za msiba, nikipika chini yake bila kujua kuna nini juu.

Gaudensi aliporudi, kitu cha kwanza ni kiboksi. Mama, kwa furaha kabisa, akamwonyesha kwa mdomo, "Si kile pale juu? Pakavu!"

Nilimwona alivyobadilika rangi. Alikivuta, bati lilikuwa la moto mpaka akalihamisha mkono kwa mkono. Akafungua. Vile vipande vilikuwa vimejikunja kama maganda ya kitunguu.

"Nani ameweka huku?"

Mama akageukia sufuria. Akaanza kukoroga maji matupu, unga haujatiwa.

Nilimsubiri. Nilimpa nafasi, nikatazama mgongo wake, nikasema moyoni, sema Mama, ni neno moja. Hakusema. Na mimi ningefanyaje? Ni mkwe. Nimnyooshee kidole mwenye jiko, ndani ya jiko lake, mbele ya mwanawe? Nikambeba Edina nikanyamaza.

Gaudensi akanigeukia mimi.

"Mama hajui, simlaumu. Lakini wewe! Wewe nilikueleza! Nilikuvutia blanketi hapa! Plastiki ikipata moto inajivuta, mkazo wote unaharibika, sumaku inaelekea kusikojulikana. Nilidhani umeelewa. Kumbe nilikuwa naongea na jiko."

Naongea na jiko.

Nimeliandika ili nilione. Mdomoni lilikuwa kubwa, hapa lina maneno matatu tu.

Yaani kilichonihukumu ni kwamba alinieleza. Mama hana hatia kwa sababu hakuelezwa, mimi nina hatia kwa sababu niliuliza swali zuri. Ningekaa kimya jioni ile, ningebaki mshamba wa kawaida, nisingepata jina la jiko.

Asubuhi yake akapanda basi la Dar peke yake. Edina alimpungia mkono kwa furaha, hajui. "Mtakuja nikitulia," alisema. Aliangalia begi lake aliposema, hakuniangalia mimi.

Basi nikabaki na Mama. Na Mama tangu siku hiyo amekuwa asali. Kuni anaokota yeye. Edina analala kwake ili nipumzike. Jumapili alichinja kuku, akanitilia firigisi. Nyumba hii firigisi ni ya mwanaume, hata marehemu baba mkwe akiwa safarini ilikuwa inamsubiri mpaka inakauka. Mama akaiweka kwenye sahani yangu, akatazama pembeni. Nikaila. Niliitafuna muda mrefu sana, maana nilijua ni ya nini. Alikuwa ananipa kila kitu isipokuwa lile neno moja.

Sasa simu ya leo.

Nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono imejaa, nikaipokea simu kwa kidole kimoja nikaiweka juu ya kinu, sauti nje. Mama yupo pale pale anachambua maharage, Edina anamchanganyia tena aliyokwisha kuchambua.

"Mama Edina! Hujambo mke wangu?"

Sauti ya sukari. Nikajua kuna kitu.

"Sijambo."

"Sikiliza, vile vipande! Nilikuwa nivitupe. Nikasema acha nivipime tu hata hivyo, zamu ya mashine ninayo. Kimoja kimegeuka! Sumaku ilikuwa inalala upande mmoja, sasa inalala upande mwingine kabisa, safi, imetulia! Joto liliivuta plastiki polepole, mkazo ukahama na sumaku ikaufuata. Profesa amekipima mwenyewe, hakuamini, akarudia. Anasema tutengeneze vingine, tuvipashe vile vile, tuone."

"Hongera," nikasema. Na nilimaanisha, Mungu anajua. Nilikuwa nimeelewa kila neno.

"Sasa anataka kujua joto lilikuwaje. Nisaidie hapo. Ulikiweka karibu na moto au mbali?"

Nikaugeuza unga.

"Siku zile ulikuwa unapika nini?"

"Maharage."

"Maharage! Safi sana! Yale yanakaa motoni muda mrefu. Ulikuwa unaacha moto mkubwa au unapunguza?"

Jamani. Nilijiangalia mikono yangu ya unga. Naulizwa maharage kwa heshima na mtu aliyeniita jiko. Hakusema, mke wangu, siku ile nilikosea. Hata, siku ile nilikasirika. Alianzia kwenye vipande kana kwamba baina ya bati la moto na simu hii hapakuwa na kitu.

Nikasema, "Sikuweka mimi."

"Eh?"

"Kiboksi. Sikukiweka mimi kule juu."

"Nani sasa?"

"Jiko hili tupo wawili, Baba Edina. Mwanao hafiki."

Nikadhani mtandao umekata. Mama alikuwa ameshika punje moja ya maharage anaiangalia kama ina maandishi.

"Mama?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. Na sauti yake, sauti ile ile iliyonifokea mpaka kuku wakatoka nje, ikawa laini kama ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Ah. Masikini mama wa watu. Alitaka kunisaidia." "Basi usimwambie kwamba nimejua, sawa? Atajisikia vibaya."

Nikangoja. Nilijua sasa inakuja ya kwangu. Nilishusha hata mabega, nikajiandaa kumwambia yamekwisha, maana ningemwambia. Mimi ni mwepesi hivyo.

"Haya," akasema. "Zile kuni zilikuwa za mti gani?"

Nikamwambia nitakupigia. Nikakata, simu ikajaa unga.

Kosa lile lile. Lilipokuwa langu lilikuwa ujinga. Limekuwa la mama yake, limekuwa upendo. Na ni kweli lilikuwa upendo, silikatai. Nashangaa tu lilivyosamehewa haraka, hata hodi halikupiga. Huruma alikuwa nayo siku zote, nyingi, ya kutosha. Mimi ndiye sikuwa kwenye mgawo.

Mama akaweka ungo chini.

"Kumbe angenisamehe," akasema.

"Tena hapo hapo, Mama."

"Niliogopa." Alikuwa anaongea na ungo. "Alivyofungua lile bati, alikuwa na uso siujui. Nikasema huyu sasa ataniona mshamba. Nimemzaa mwenyewe, nimemfuta kamasi, lakini naogopa anione mshamba."

"Akaniona mimi."

"Ndiyo," akasema. "Akakuona wewe."

Upepo ukagonga mlango, Edina akauambia karibu. Hakuna aliyecheka.

"Umenikasirikia?"

Siku zote ningesema hapana Mama, wala. Ndivyo nilivyolelewa kule Muze, mkubwa akikuuliza umekasirika, unasema hapana.

"Ndiyo, Mama. Nimekukasirikia."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Hakulia wala hakunipiga. Nilishangaa paa bado lipo. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea kutoka kwake.

"Usimsubiri atulie. Huyo hatulii. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, alisema nikitulia nitajenga choo cha matofali, amezikwa hajatulia."

Hapo nilicheka. Nilicheka na machozi yakatoka, sijui yepi yalianza. Mama naye akacheka, ameziba mdomo kwa upindo wa kitenge. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Vyote viwili vilikaa pamoja.

Mchana wote nimefikiria. Kuna kuandikwa kitu huko Dar. Wataandika vipande vilipashwa moto kidogo, kwa muda fulani. Watavipa namba. Hakutakuwa na uchaga humo, wala Mama juu ya kigoda, wala mwanamke chini anapuliza moto huku macho yanamwasha. Sawa. Sayansi nadhani haiwezi kubeba watu wote. Lakini mume wangu anaweza. Si mzito mimi, na Edina bado anapakatwa.

Nilitaka kumwandikia maneno makali. Niliyaandika, mazuri kweli, mengine ya moto. Nikayafuta. Nisingependa siku moja Edina ayasome ajue mama yake alijua kutukana hivyo.

Nikataka pia kumnyima. Nimwache Profesa wake abaki na kipande kilichogeuka bila kujua kwa nini. Hilo nililipenda zaidi, nalikiri kwenu. Lakini basi nami ningekuwa nimefunga mlango wa kitu nilichokielewa. Na nilikielewa! Hapo ndipo hataniondoa. Alinieleza kwa jioni moja na nikaelewa. Mtu anayeelewa kwa blanketi, akiwekwa darasani mbele ya ubao, si itakuwa zaidi?

Maharage ya shamba langu la nyuma nimeshayauza, pesa yake nilikuwa naiwekea Desemba. Desemba ya nani? Hiyo ndiyo nauli.

Nimemtumia ujumbe huu, nimeunakili hapa jinsi ulivyo:

"Baba Edina, kuhusu moto, majibu yote tunayo, mimi na Mama tumekaa tumeyakumbuka. Kuni, umbali, kila kitu. Siyasemi kwenye simu. Nitakuletea mwenyewe. Tunapanda basi la Jumamosi, mimi na mwanao. Nilisikia ulivyosema juu ya mama yako leo, na neno kama lile nalidai kwako, uso kwa uso. Njoo utupokee stendi."

Ameusoma. Alama zimeshageuka bluu. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Sasa hivi ninavyoandika hapa amenyamaza.

Mama ameingia kuniuliza kama Dar kuna baridi. Nikamwambia hakuna. Akasema basi sweta moja ya mtoto abaki nayo, awe anainusa.

Naogopa, sitawadanganya. Sijawahi kupita Mbeya. Sijui nikifika nitakuta mume au nitakuta mtu wa sumaku mwenye haraka. Na asipokuja stendi je?

Basi nitaweka mizigo chini, nimfunge Edina vizuri mgongoni, niulize watu chuo kiko wapi. Mdomo ninao.